Pikipiki inatetemeka: pine iliyoisha inaonya namna gani kwenye barabara za Masisi na Walikale

Mvua inaporudi Masisi mwezi wa Septemba, barabara inabadilika kwa siku moja. Udongo wenye ulikuwa mgumu kama matofali mwezi wa Julai unageuka sabuni. Motari ambaye alipita pale kila siku, na pikipiki ile ile, na mzigo ule ule, anajikuta chini pamoja na mteja wake. Watu wanakuja kuwainua, na wote wanasema: ni barabara. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ingine iko chini ya pikipiki yenyewe. Pine ilikuwa imeisha tangu siku nyingi, ila kiangazi kilikuwa kinaificha.

Pine, ile ambayo watu wa Tanzania na Kenya wanaita tairi, ni kitu chenye wamotari wengi wanaangalia tu siku imetoboka. Kumbe inaonya mapema, kwa njia mbili: namna pikipiki inavyoshika njia, na namna inavyotetemeka. Huku, onyo hilo lina bei. Toka Sake kupanda Masisi-centre, toka Nyabiondo kwenda Walikale, toka Mweso kuelekea Pinga, kuna sehemu ambapo gari inalala ndani ya potopoto siku nzima, ao haifiki kabisa, kwa sababu ya njia mbovu ao ya vita. Pikipiki imekuwa taksi, imekuwa lori, imekuwa ambulansi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye malaria kali, katoni ya dawa, gunia la viazi: vyote vinatembea juu ya vipande viwili vya mpira, na kila kipande kinagusa udongo kwa sehemu isiyopita ukubwa wa kiganja cha mkono.

Kiangazi kinadanganya

Jambo la kwanza la kuelewa linashangaza. Kwenye njia kavu na ngumu, pine iliyoisha haishiki vibaya sana. Pikipiki za mashindano huko Ulaya zinakimbia na pine laini kabisa, bila mchoro hata mmoja, wakati lami iko kavu. Pale mpira wenyewe njo unashika. Ile michoro ya pine, na yale meno ya pine za makrampo, kazi yake ni ingine: kutoa maji chini ya gurudumu, na kuuma udongo laini.

Ndiyo maana motari wa Masisi anaweza kutembea toka mwezi wa sita mpaka wa nane na pine kipara bila kusikia tofauti. Anapanda Mushaki, anashuka, inashika. Anajiambia: bado inatembea. Mvua ya kwanza inaweka juu ya ule udongo mgumu tabaka jembamba la utelezi, nyembamba kuliko ukucha, na chini yake bado ni kugumu. Pine yenye meno inakata tabaka hilo na kufikia kwenye udongo mgumu. Pine laini inaelea juu yake. Siku ile motari hajabadilisha kitu chochote, lakini sasa iko anaendesha chombo kingine.

Pine nyingi zina alama ya kuonyesha mwisho wake. Kwenye ubavu kuna herufi TWI ao kimshale cha pembe tatu. Ukifuata kutoka pale mpaka katikati ya pine, utakuta ndani ya mfereji kaukuta kadogo ka mpira. Siku mpira wa juu unalingana na kale kaukuta, pine imekufa kwa barabara ya lami. Kwa udongo wa Masisi na misitu ya Walikale, kungoja mpaka pale ni kuchelewa. Meno yakibaki nusu tu ya urefu wake wa kwanza, mbele ya msimu wa mvua, ni wakati wa kuanza kutafuta pesa.

Nyuma inacheza, mbele inaangusha

Pine ya nyuma inaisha haraka kuliko ya mbele. Inabeba sehemu kubwa ya uzito, na mashini inaisukuma kila wakati. Kwa hiyo motari ananunua ya nyuma mara mbili, pengine mara tatu, na ya mbele inabaki ile ile. Kwa macho, ya mbele inaonekana iko bado na maisha. Hapo kosa kubwa linaanza.

Pine ya nyuma ikiteleza, mkia wa pikipiki unacheza kushoto na kuume. Ni kitu cha kuogopesha, lakini motari mwenye uzoefu anapunguza gazi, anaweka mguu chini, anarudi kwenye mstari. Pine ya mbele ikiteleza, hakuna nafasi ya kurekebisha. Gurudumu la mbele njo linaongoza, na wakati wa kufunga freni uzito wote unakimbilia kwake, zaidi tena kwenye mteremko. Likiondoka, pikipiki inalala ubavu mbele motari hajajua nini imetokea, na mteja anaanguka pamoja naye, mara nyingi mguu ukiwa chini ya mashini.

Ile mifereji yenye magurudumu ya lori yanachimba katikati ya njia inaonyesha jambo hilo vizuri. Pikipiki ikiingia ndani ya mfereji, ni meno ya pembeni ya pine ya mbele yenye kupanda ukuta na kuitoa. Ikiwa meno ya pembeni yameisha, motari anageuza gido, lakini gurudumu linaendelea kuteleza mule mule ndani ya mfereji. Analazimisha zaidi, na ghafla linashika kwa nguvu na kumtupa upande. Ni vilevile kwenye madaraja ya miti, yale ambayo msafiri wa Walikale anayajua sana: mti wenye maji, umelazwa kwa urefu wa njia, na pine laini haina kitu cha kushikilia.

Kuna wamotari ambao, kwa kuogopa freni ya mbele, wameacha kabisa kuitumia. Woga huo una sababu, lakini dawa yake sio hiyo. Ukifunga ya nyuma peke yake, gurudumu la nyuma linasimama na kuburutwa juu ya mawe. Kila kuburutwa kunakula kipande kimoja cha pine, mahali pamoja. Baada ya miteremko mingi, pine haiko tena duara kamili, imekuwa na sehemu bapa. Kutoka pale mtetemeko unazaliwa.

Halafu kuna ile tabia ya kutoa pine iliyochoka nyuma na kuifunga mbele, ili ifanye mwezi ao miezi miwili zaidi. Ukubwa wake sio wa janti ya mbele, na katikati yake imekwisha kuwa bapa kama ubao. Pikipiki inapolala kidogo kwenye kona, inafika kwenye ukingo wa ule ubapa na kudondoka ghafla upande mmoja. Motari anasikia kama gido inamvuta. Kati ya akiba zote ambazo motari anaweza kufanya, hii ni ya hatari kuliko zingine.

Mtetemeko unasema nini

Si kila mtetemeko unatoka kwenye pine. Mashini ya silinda moja inatetemeka kwa asili yake. Lakini kuna njia nyepesi ya kutofautisha, na haiombi chombo chochote.

Pine ya nyuma ya kawaida, ile ya 3.00-17, inatembea karibu metre 1.8 kila inapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, inazunguka kama mara 3 kwa sekunde. Kwa kilometa 40, mara 6. Kwa 60, mara 9. Mashini, kwa wakati huo huo, inazunguka makumi ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo mtetemeko ambao unaweza karibu kuuhesabu, tu-tu-tu-tu kama ngoma, unatoka kwenye gurudumu. Mtetemeko wa kunguruma kama nyuki ndani ya mikono unatoka kwenye mashini. Ule wa gurudumu unafuata mwendo: ukipunguza mwendo, ngoma inapigwa polepole. Ule wa mashini unafuata gazi.

Ukiwa bado na mashaka, tafuta sehemu tambarare, iliyonyooka, bila watu. Vuta ambreyaji, acha gazi, pikipiki itembee yenyewe kidogo. Mtetemeko ukiisha, angalia mashini na mnyororo. Ukibaki, angalia magurudumu. Usifanye hivyo kwenye mteremko. Wale wanaozima mashini wakishuka milima ya Masisi ili kuokoa petroli wanasikia pine zao vizuri sana, ni kweli, lakini wanasikia wakiwa hawana tena nguvu ya mashini ya kuwazuia, na freni zinapata moto.

Gurudumu likijulikana kwamba njo lenye shida, simamisha pikipiki kwenye bekiyi ya katikati na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Shika kijiti karibu na janti, bila kuigusa. Janti ikiwa inaenda huku na huku mbele ya kijiti, imepinda ao rayo zimelegea. Piga rayo moja moja na ufunguo: iliyokazwa inalia kama nyuzi ya gitaa, iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokufa. Janti ikiwa sawa lakini pine inapanda na kushuka, shida ni pine: ao haijakaa vizuri kwenye janti, ao iko na sehemu bapa, ao iko na uvimbe ndani. Uvimbe kwenye ubavu ni habari mbaya kuliko zote, juu nyuzi za ndani zimekatika, na pine ile inaweza kupasuka wakati wowote. Kwenye njia ya Goma na Sake, makoro ya volkano yanakata ubavu kama kisu, na motari anaweza kuona mpasuko mdogo tu wakati ndani kumeisha haribika.

Sehemu ya tatu ya kuangalia ni shingo ya pikipiki. Mwenzako akae nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, halafu shika miguu ya mbele kule chini, uvute na kusukuma. Ukisikia tok-tok, rulema za gido zimelegea. Pine mpya haitaponesha ugonjwa huo, na rulema zilizolegea zitakula pine mpya mbele ya wakati wake.

Mtetemeko hauchoshi pikipiki peke yake. Unalegeza bulo za karyer yenye kubeba mzigo, unakata rayo, unatoboa shambrere. Na mikono ya motari inakufa ganzi baada ya saa mbili za njia. Vidole vyenye ganzi vinachelewa kwenye freni. Tena ule mtetemeko hauongezeki polepole. Ikiwa gurudumu lina upande mzito, nguvu yake inaongezeka kwa mraba wa mwendo: toka kilometa 20 mpaka 60 kwa saa, mwendo umeongezeka mara 3, nguvu ya kutikisa mara 9. Njo maana pikipiki yenye inaonekana salama ndani ya soko la Mubi inaanza kucheza kichwa ikipata kipande kizuri cha barabara.

Uzito, upepo na kazi ya kwado

Kwenye ubavu wa pine kumeandikwa mambo mengi, na karibu hakuna mtu anayeyasoma. Kwa pikipiki za taksi za 100 hadi 150 cc, ukubwa wa kawaida ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Karibu na hapo mara nyingi kuna 41P kwa ya mbele na 50P kwa ya nyuma. Herufi P ni ya mwendo, kilometa 150 kwa saa, na hakuna atakayeifikia kati ya Kashebere na Walikale. Namba njo ya maana. 41 maana yake pine inaweza kubeba kilo 145. 50 maana yake kilo 190.

Hesabu ya safari ya kawaida ni hii: pikipiki yenyewe kama kilo 115, motari 65, wateja wawili 130, gunia la viazi 50. Jumla ni kilo 360. Wateja na gunia wanakaa nyuma, basi theluthi mbili ya uzito huo, kilo 240, inakalia pine yenye iliandikwa 190. Ile pine inapata moto, inapinda, nyuzi zake zinachoka. Na kama gunia limefungwa nyuma kabisa, kupita katikati ya gurudumu, linanyanyua mbele ya pikipiki. Gido inakuwa nyepesi mikononi, na gurudumu la mbele linagusa udongo kwa aibu tu. Kuvuta mzigo karibu na kiti, hata kwa upana wa mkono mmoja, kunabadilisha mengi, na hakuombi hata franka moja.

Upepo wa ndani ni jambo lingine. Kwa pikipiki nyingi za aina hiyo, mtengenezaji anaomba karibu bari 1.75 mbele, na kati ya 2 na 2.25 nyuma kufuatana na uzito; kijitabu cha pikipiki kinasema kipimo chake halisi. Kwenye potopoto wamotari wanatoa upepo ili pine ijitandaze na kushika. Wana haki, inashika zaidi. Lakini pine ya shambrere yenye upepo mdogo inazunguka polepole juu ya janti na kuvuta shambrere nayo. Ukiona valvu imelala, haitazami tena katikati ya gurudumu, pine imekwisha kuhama, na siku moja valvu itang'oka. Kama ni ya mbele, ni hatari sana. Mwenye kutoa upepo kwa ajili ya potopoto anapaswa kuurudisha akifika kwenye mawe. Upepo kupita kiasi nao haufai: pine inakuwa ngumu kama mpira wa kuchezea, inaruka juu ya kila jiwe, na inaisha katikati peke yake.

Kwado anafanya miujiza, hilo linajulikana. Anashona pine iliyokatika, anaweka kipande cha pine ya zamani ndani ili kufunika tundu. Kazi hiyo inafikisha mtu nyumbani. Lakini kile kipande ni uzito upande mmoja na ni uvimbe, na kinasugua shambrere mpaka kuitoboa tena. Kwa nyuma, kwa siku chache na mzigo mdogo, inaweza kuvumilika. Kwa mbele, hapana. Kuna pia wale wanaochonga michoro mipya kwa kisu ndani ya pine iliyoisha, ili ionekane mpya. Kinachobaki chini ya ile michoro ni nyuzi.

Nani analipa

Wamotari wengi si wenye pikipiki. Kila jioni wanapaswa kumpa mwenye pikipiki pesa yake, na kinachobaki ni cha nyumba. Petroli na kutoboka ni ya motari, mashini ikivunjika ni ya mwenye pikipiki. Pine iko katikati, na kila mmoja anamngojea mwenzake. Wakati wanangojeana, mteja njo anapanda. Mapatano yenye yanasema tangu siku ya kwanza nani ananunua ya mbele na nani ya nyuma yanaondoa nusu ya ugomvi. Wenye wako ndani ya likelemba wanaweza kuipanga zamu mbele ya Septemba, wakati bei haijapanda na potopoto.

Pesa ikitosha pine moja tu na zote mbili zimeisha, ya mbele njo ya kwanza. Wengi watakataa, juu ya nyuma njo inazunguka bure wakati wa kupanda mlima. Lakini kukwama mlimani ni kupoteza saa moja. Kuanguka kwenye mteremko ni kitu kingine.

Wakati wa kununua, soma zile namba nne ndani ya kaduara kwenye ubavu. 2322 maana yake juma la 23 la mwaka wa 2022. Pine iliyokaa miaka mingi juani mbele ya duka inaonekana mpya, lakini mpira wake umekauka. Ipinde kidogo kwa vidole, ukiona nyufa ndogo ndogo iache. Angalia pia mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, juu kwado mwenye haraka anaweza kuifunga kinyume. Ile ya zamani haitakosa kazi: wenye chukudu wanatafuta mpira wa kuvalisha magurudumu yao ya mbao, na wengine wanakata viatu.

Pine mpya nayo inateleza siku za kwanza, kwa sababu juu yake kuna ulaini unaotoka kiwandani. Kilometa 100 za kwanza ziendeshwe polepole, bila kulala sana kwenye kona na bila kufunga freni kwa ghafla. Kutoka Goma mpaka Masisi-centre ni karibu kilometa 80. Mwenye alifunga pine mpya Goma asubuhi anafika Masisi jioni, na bado haijawa tayari.